Nguchiro na Bakuli Lisilorudi Tupu

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipokuwa na milango, vyungu na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na kijiji kikiitwa Majanimapana. Kaeni vizuri. Wewe wa pembeni, toa kidole puani, hadithi haiingilii huko.

Majanimapana kulikuwa na kisima kimoja, na kisimani hapo walishinda wakubwa watatu wakibishana. Hawakuja kuteka maji. Walikuja kubishana lipi ni jema na lipi ni baya, na anayetaka maji awapite kwa adabu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Tembo, mtu wa sheria. Kwa Tembo, jambo ni baya kwa sababu limekatazwa, na ni jema kwa sababu limeamriwa, basi, hata kama kijiji kizima kitaungua.

Wa pili alikuwa Bwana Kiboko, mtu wa kuhesabu. Ukimuuliza kama jambo ni jema, naye anakuuliza, "Wangapi watafurahi? Wangapi watalia?" Kisha anatoa vijiti vyake, anavipanga chini, wa kufurahi huku na wa kulia kule. Upande wenye vijiti vingi ndio unaoshinda.

Wa tatu alikuwa Bibi Twiga. Huyu hakutaka sheria wala vijiti. Aliinua shingo, na shingo ilikuwapo ya kuinua, akauliza, "Muungwana angefanya nini?" Na huyo muungwana aliyekuwa akimuwaza alifanana sana na Bibi Twiga.

Siku moja Swala alikuja mbio, pu pu pu, akajitupa nyuma ya kisima.

"Jamani, Simba ananifukuza. Akiuliza, semeni sikupita huku."

"Kusema uongo kumekatazwa," alisema Tembo. "Akiniuliza, nitamwambia uko nyuma ya kisima."

"Tusikimbilie," alisema Kiboko, mkono tayari kwenye vijiti. "Simba ana watoto watatu wana njaa. Wewe, Swala, una wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," akasema Kiboko, akaweka kijiti. "Na mama yako yu hai?"

"Mimi nauliza tu," akasema Twiga. "Hivi muungwana hujificha nyuma ya kisima?"

Swala aliwatazama mmoja mmoja, akaona kheri Simba, yeye angalau hana maneno mengi. Akatimua mbio. Wale watatu walibishana juu yake mpaka magharibi, na hakuna aliyeuliza kama alifika.

Basi hao ndio wakubwa. Sasa aje mdogo.

Nguchiro alikaa kwenye kichuguu karibu na kisima, yeye na mkewe, Bi Mize, na watoto wanne. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga tisa. Nguchiro alikuwa na mwili mdogo, mkia mrefu, na masikio yasiyopitwa na neno. Kila alipokwenda kuteka maji aliwasikia wale watatu, akajua kila mmoja anashikika wapi.

Mwaka huo mvua ikagoma. Majani yakakauka, mashamba yakawa vumbi. Wenye akiba walibaki watatu tu: Tembo na ghala lake la mtama, Kiboko na maboga yake, Twiga na kunde zake. Wanakijiji wakaenda kuomba. Wala hawakunyimwa, watoto. Walijadiliwa.

"Hakuna sheria inayosema mwenye ghala atoe," alisema Tembo. "Na hakuna inayosema asitoe. Lazima tuitafute."

"Nikiwapa leo mtafurahi," alisema Kiboko. "Lakini mwakani mtakuwa mmezoea kuomba, mtalia. Siwezi kutoa boga kabla sijahesabu machozi ya mwakani."

"Ukarimu ni tabia njema," alisema Twiga. "Ila ukizidi unakuwa ufujaji. Sasa kiasi ni kipi?"

Wakaulizana kiasi ni kipi kwa siku kumi na tisa. Wenye njaa walisimama wakisikiliza, kisha wakakaa, kisha wakaanza kulala palepale.

Siku ya ishirini kitinda mimba wa Nguchiro aliacha kulia. Bi Mize alimpakata, akamgusa shavu, akamwita jina. Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Baba watoto," alisema Bi Mize, "huyu halii tena."

"Amelala."

"Hajalala, na wewe unajua."

Nguchiro alijua. Alitoka nje akakaa na mkia wake. Akafikiri. Ukimwomba Tembo, anatafuta sheria. Ukimwomba Kiboko, anatafuta vijiti. Ukimwomba Twiga, anajitafuta mwenyewe. Basi dawa yao ni kutowaomba.

Sasa sikilizeni desturi ya Majanimapana, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Jirani akikuletea chakula, kinakuja kwenye bakuli kimefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu chenye ncha juu. Hufunui mbele ya aliyeleta. Ukifunua utaonekana mlafi, unapima umeletewa kiasi gani. Unapokea kwa mikono miwili, unaingiza ndani, unafunulia huko. Na bakuli la watu halirudi tupu. Kurudisha bakuli tupu Majanimapana ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi, na wote walikuwa wanatembea uchi.

Nguchiro akaingia ndani, akachukua bakuli kubwa kuliko yote, lile ambalo Bi Mize alikuwa akiwaogeshea watoto. Hakutia kitu. Akafunika kawa, akajitwisha, huyoo, mpaka kwa Tembo.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Bakuli limetoka kwangu, mzee."

Tembo alipokea kwa mkonga na miguu miwili ya mbele, maana desturi inataka miwili. Akaingia ndani. Nguchiro akabaki mlangoni anapiga mluzi. Akasikia kawa likifunuliwa. Kimya. Akasikia kawa likikung'utwa, paf, paf.

"Nguchiro," Tembo aliita kutoka ndani.

"Naam, mzee."

"Hili bakuli."

"Lina nini, mzee? Lina ufa?"

Tembo angesema nini? Kwamba amechungulia, amepima, ameona hakuna? Hakuna mtu mzima Majanimapana aliyewahi kutamka maneno hayo.

"Mimi ni mtu mdogo," Nguchiro akasema kwa upole kabisa. "Nijuavyo, desturi inasema bakuli likipokelewa lisirudi tupu. Kama kuna masharti mengine, wewe ndiye mwenye kuyajua."

Ndani kulisikika pumzi ndefu ya mtu anayepekua sheria kichwani. Alipekua ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Haisemi lije na nini," alisema hatimaye kwa huzuni. "Inasema tu lisirudi tupu."

Chwaaa, mtama ukamiminika.

Kutoka hapo Nguchiro alipita kwake akaumwaga, akaenda kwa Kiboko na bakuli lilelile. Kiboko alifunua, akalitazama bakuli tupu, akatoka na vijiti mkononi.

"Nguchiro, kwako mko wangapi?"

"Sita. Mama mkwe akija, saba."

"Anakuja?"

"Akisikia kuna chakula, anakuja."

Kiboko akachuchumaa, kazi kubwa kwa mwili ule, akapanga vijiti. "Nikirudisha tupu, anayefurahi ni mimi mmoja, na mimi mwenyewe nitaona haya, kwa hiyo nusu. Nikijaza, wanafurahi saba, na mimi nimepungukiwa maboga mawili ambayo kwa tumbo hili hata siyasikii. Saba kwa nusu." Akatikisa kichwa. "Jambo lenyewe limenyooka. Kwa nini sikuliona tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unahesabu ya mwakani, bwana."

Kwa Twiga hakukuwa na maneno. Bibi Twiga aliingia ndani, akakaa muda wa mtu kujitazama kwenye kioo, akatoka na bakuli limejaa kunde mpaka kawa halikai.

"Mwambie Bi Mize chakula kilikuwa kitamu," alisema, shingo juu.

Nguchiro alijiuma mdomo asicheke. "Umeshaonja, bibi?"

"Muungwana huonja upesi."

Siku ile chungu kilirudi jikoni. Kitinda mimba alilishwa uji kwa kidole, tone, tone, mpaka akashika kidole cha mama yake kwa meno na kukataa kukiachia. Bi Mize akalia kwa furaha, kisha akapangusa uso na kumgeukia mumewe.

"Hivi vyote vimetoka wapi?"

"Majirani wamerudisha bakuli."

"Tuliwapelekea nini?"

"Bakuli."

Bi Mize akamtazama kama anavyotazama maziwa ya juzi. Lakini watoto walikuwa wanakula, akaacha.

Kama Nguchiro angeishia hapo, nani angemlaumu? Lakini hakuishia. Kesho yake alirudi tena na bakuli, na kesho kutwa, na mtondo. Mtama ukajaa magunia mawili, kisha matano. Maboga yakapangwa mpaka watoto wakawa wanalala wamekaa. Nguchiro akaota kitambi, akaanza kutembea polepole mikono nyuma, kama mtu mwenye mambo.

Na upande wa pili wa ukuta vifaranga wa Bi Kanga walikuwa wanalia, pii, pii, pii, kutwa nzima.

"Nimpelekee Bi Kanga kibaba kimoja," alisema Bi Mize.

"Usithubutu. Akionja, atauliza kimetoka wapi. Akijua, kijiji kizima kitajua, na sisi tutarudi kulekule."

"Wana njaa, baba watoto. Huwasikii?"

"Nawasikia. Sisemi tusiwape. Nasema kwanza tujue kiasi ni kipi."

Bi Mize aliacha kusonga ugali, mwiko hewani. "Hayo ni maneno ya Twiga."

"Bibi Twiga ana ghala," alisema Nguchiro. "Watu wenye ghala wana sababu zao."

Bi Mize aligeuza ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Mwezi ukakatika hivyo. Asubuhi moja Nguchiro alikuwa njiani na bakuli lake kichwani, akawasikia wale watatu kisimani. Akajibanza kwenye mafunjo asikilize, maana hakuwahi kukosa kupata faida kwa kuwasikiliza.

"Mke wa Nguchiro ni mpishi," alisema Kiboko, huku akimtazama Tembo kwa jicho la pembeni.

"Mpishi hasa," alisema Tembo haraka. "Chakula chake ni chepesi. Hakilemei tumbo."

"Hata kidogo," alisema Twiga. "Na hazidishi chumvi."

"Ule wali wake wa jana," alisema Kiboko.

"Jana?" Twiga alishtuka. "Jana kwangu alileta samaki."

"Samaki wa wapi na mto umekauka?" Kiboko akauliza. Kisha akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Jamani, mimi nimechoka kuongopa. Jana sikukuta kitu."

"Hata mimi," alisema Tembo.

Bibi Twiga ndiye aliyekawia. Alitazama mawingu yasiyokuwapo. "Na Jumatatu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nanyi pia hamkukuta kitu?"

Nguchiro hakungoja zaidi. Alishika njia ya kwake kwata kwata kwata, bakuli linamgonga mgongoni, na nyuma yake nchi ikaanza kutikisika. Du. Du. Du. Watu wakubwa wakikimbia, kijiji kizima kinajua. Alipofika mlangoni, umati ulikuwa umeshajaa: Bi Kanga na vifaranga wake, Kindi, Kobe aliyekuwa bado anakuja, na wengine wote waliobaki na nguvu ya kusimama.

Tembo akaingiza mkonga mlangoni, akautoa na gunia la mtama. Akauingiza tena, gunia la pili. La tatu. Maboga yakafuata. Watu wakaguna kwa pamoja. Bi Mize, aliyekuwa jikoni, akatoka akaliona bakuli lake la kuogeshea watoto mgongoni mwa mumewe, na yote yakamfunukia.

"Ulikuwa unapeleka tupu," alisema.

"Nilikuwa napeleka bakuli," alisema Nguchiro.

"Afukuzwe!" Kiboko akanguruma. "Yeye na nyumba yake yote, leo hii, wavuke mto waende majabalini!"

Majabalini, watoto, ndiko wanakokaa tai. Hakuna shimo la kujificha kule, ni mawe matupu. Nguchiro mwenye watoto wanne akipelekwa majabalini asubuhi, jioni hana watoto wanne. Bi Mize aliwakusanya wote chini ya tumbo lake, na Nguchiro akasogea mbele yao.

Lakini Majanimapana hawakumfukuza mtu ovyo. Ilikuwa lazima mkosaji aambiwe kosa lake kwa kauli moja, na yeye alirudie kwa sauti mbele ya watu, ili asije akasema hakuelezwa. Nguchiro alipokumbuka hilo, mkia ukanyanyuka.

"Nimekubali," alisema. "Nimekosa. Nipeni kauli niirudie, nifunge mizigo."

"Umevunja sheria," alisema Tembo.

"Nimevunja sheria," akasema Nguchiro. "Ipi, mzee?"

"Ya kutosema uongo."

"Niliposimama mlangoni kwako nilisema bakuli limetoka kwangu. Lilitoka kwa nani?"

Tembo akafikiri. "Lilitoka kwako."

"Nilitaja chakula? Na desturi inasema lije na nini?"

"Hukutaja. Desturi nayo haisemi."

"Na waliosema chakula kilikuwa kitamu ni akina nani?"

Bibi Twiga akakohoa. Tembo akamgeukia polepole, akiwa ameshtuka kweli kweli. "Bibi, ulisema uongo?"

"Ilikuwa adabu!"

"Uongo ni uongo. Tena mimi mwenyewe nimesema chakula ni chepesi." Tembo alijishika paji la uso kwa mkonga. "Nimesema uongo kisimani, mbele ya mashahidi."

"Achana na sheria zako," Kiboko akaingilia. "Kosa lake ni kwamba ameleta hasara. Kauli iwe hiyo. Nguchiro, sema: nimeleta hasara."

"Nasema sasa hivi, bwana. Hebu tuihesabu kwanza, isije ikawa pungufu."

Mlafi wa kuhesabu hakatai kuhesabu. Kiboko akatoa vijiti.

"Kwangu wameshiba wangapi?" Nguchiro akauliza.

"Sita."

"Kati yao aliyekuwa anakufa ni mmoja. Huyo umpe vijiti vingapi?"

"Wa kufa? Kumi," alisema Kiboko, mtu mwenye haki na vijiti vyake.

"Na nyinyi mliopungukiwa, nani amekonda?"

Wote wakatazama tumbo la Kiboko. Kiboko naye akalitazama. Akapanga, akapangua, akapanga tena. Jasho likamtoka.

"Ameongeza furaha," alisema kwa uchungu. "Kwa vijiti hivi alichofanya ni chema."

"Chema?" Twiga akapaza sauti. "Mtu amekaa mwezi mzima anadanganya majirani kwa bakuli tupu, chema? Hamuoni amekuwa mtu gani? Msiangalie bakuli, mwangalieni yeye! Ni laghai. Kauli ndiyo hiyo: wewe ni laghai."

Hapo Nguchiro aliguswa kidogo, maana ndilo neno la kwanza la siku ile lililomfikia. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshashika moto.

"Mimi ni laghai," alisema. "Bibi, nifundishe. Muungwana mwenye ghala la kunde, akisikia mtoto wa jirani anakufa njaa, anafanya nini? Nilitaka kumuiga, nikaangalia kote kijijini, sikumpata wa kumuiga."

Umati ukacheka, tena Kobe alicheka kwa muda mrefu, kwa kuwa alichelewa kuanza. Shingo ya Bibi Twiga ikashuka kidogo kidogo mpaka uso wake ukafika usawa wa watu wengine. Machozi yalimlengalenga.

"Kwa hiyo kauli ni ipi?" Nguchiro akauliza. "Nimevunja sheria, nimeleta hasara, au mimi ni laghai? Nipeni moja tu. Watoto wangu wako tayari."

"Sheria!" alisema Tembo. "Alikusudia kudanganya, na kusudi nalo limo ndani ya sheria."

"Kusudi haliliwi!" alisema Kiboko. "Hesabu na desturi yenyewe. Watu wote wakifanya hivi, nani atapeleka bakuli lenye kitu?"

"Sasa hiyo si hesabu, hiyo ni sheria yangu unaiiba!"

"Nyote wawili hamna haya," alisema Twiga.

Wakaanza, na mnawajua wakianza. Jua lilisogea, likainama, na wale watatu wakaondoka zao kuelekea kisimani huku wakigombana, wakasahau mtama, wakasahau na mkosaji. Watu wakatawanyika. Bi Mize alichukua mtungi akasema anakwenda kuteka maji, akaenda upande wa nyumba za watu.

Nguchiro alicheza mlangoni peke yake. Alicheza kwa mkia, akacheza kwa mabega. Kisha akairudisha akiba yote ndani, gunia kwa gunia, akalala mbele yake.

Asubuhi, kabla uji haujachemka, mlango uligongwa.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa Bi Kanga, vifaranga tisa nyuma yake, na kichwani bakuli limefunikwa kawa safi.

"Bakuli limetoka kwangu, jirani," alisema.

Nguchiro alipokea kwa mikono miwili. Angefanya nini? Mikono ilipokea yenyewe. Akaingia ndani, akafunua. Bakuli lilikuwa jeupe kama lilivyooshwa. Akalikung'uta kawa, paf, paf.

"Bi Kanga," aliita. "Hili bakuli."

"Lina nini, jirani? Lina ufa?"

Nyuma ya Nguchiro, Bi Mize alikuwa anakoroga uji, hata hakugeuka.

"Desturi haisemi lije na nini," alisema Bi Mize. "Ulieleza vizuri sana jana. Hata Kobe alielewa."

"Mke wangu, hii ni hila."

"Ndiyo."

"Huyu mtu ananidanganya mchana kweupe!"

"Amesema bakuli limetoka kwake. Limetoka kwa nani?"

Nguchiro alichungulia nje apate hewa, akaona bora asingechungulia. Nyuma ya Bi Kanga alisimama Kindi na bakuli lake. Nyuma ya Kindi, Kobe, aliyekuwa ameanza safari tangu jana jioni ili awahi. Nyuma ya Kobe kawa, na kawa, na kawa, mstari mzima mpaka kisimani. Na wote wamevaa nyuso za upole mno.

"Nani kawafundisha hawa?"

"Mimi," alisema Bi Mize. "Jana, nyumba kwa nyumba. Mtungi wenyewe sikuujaza."

"Tutakwisha, Bi Mize. Watatumaliza!"

"Kilichopo kitatufikisha sote wiki mbili. Nimepima. Kikiisha chetu, watakwenda na mabakuli yao kwa Tembo, kwa Kiboko na kwa Twiga, kama ulivyokwenda wewe. Nao watajaza, kila mtu kwa sababu yake."

Nguchiro akajikwaruza sikio. Bado alikuwa na tumaini moja, kwamba akimtia mkewe kwenye mabishano, jua litazama na watu watakwenda zao.

"Sawa," alisema. "Lakini niambie kitu kimoja. Unawapa kwa sababu gani? Ni sheria? Ni hesabu? Au unataka kuwa muungwana? Maana kila moja ina matatizo yake, na mimi nayajua yote."

Bi Mize aliuepua uji. Alimtazama mumewe kwa muda, na safari hii hakumtazama kwa hasira.

"Vifaranga wa Bi Kanga wana njaa," alisema. "Shika kata."

Nguchiro alingoja sababu yenyewe ije. Haikuja. Mkewe alikuwa ameshaanza kufungua gunia, na nje ya ukuta kulikuwa na pii, pii, pii, aliyoisikia mwezi mzima bila kuisikia. Akaona haya mpaka ncha ya mkia. Akashika kata.

Kila kata aliyochota ilimuuma, msidhani haikumuuma. Lakini alichota. Chwaaa kwa Bi Kanga, chwaaa kwa Kindi, chwaaa kwa Kobe, na jua lilipokuwa utosini kijiji kizima kilikuwa kinatoa moshi jikoni. Wiki mbili baadaye mstari ukahamia kwenye maghala ya wakubwa, na mvua iliponyesha ilikuta Majanimapana hakuna aliyekufa. Wale watatu iliwakuta kisimani, wamelowa chapachapa, wamekubaliana jambo moja tu, kwamba Nguchiro alikosa. Kauli ya kumwambia alikosa nini bado wanaitafuta.

Hadithi imefika mlangoni kwake, na funzo lake ni hili: ukimwona mwenye njaa, mpe kwanza chakula, halafu ndiyo mbishane kwa nini.